Habu ya ekseli ya mwisho inachemka, fundi anasema ninunue ekseli nzima

mwenye_tela
Habari za kazi wakuu. Nina tela ya ekseli tatu za Kijerumani, tani 12 kila moja, breki za dramu. Inapandisha mbolea kutoka Dar hadi Tunduma na kurudi na shaba. Shida ni habu (kitovu kinachobeba tairi) ya kushoto ya ekseli ya mwisho. Gari likishashuka mlima Kitonga na kufika Ruaha Mbuyuni, dereva anakuta habu haigusiki na grisi imevuja mpaka kwenye lainingi za breki. Beringi na sili (inayozuia grisi isivuje) tulishabadilisha, tatizo limerudi palepale. Fundi mmoja anasema beringi za sokoni zote ni feki, dawa ni kununua ekseli nyingine. Mwenzake anasema stabu (ncha ya ekseli inapokaa beringi) imelika, ijazwe kwa kuchomelea kisha ichongwe. Naomba ushauri kabla sijatoa hela.

fundi_wa_chini
Dada, pole sana. Ekseli usinunue bado. Beringi mpya ikifa pale ilipofia ya kwanza, kuna kitu kinaiua, na kitu hicho kitaiua na ya tatu.

Uzito nautoa kwanza. Sheria ya mizani ya Afrika Mashariki ya 2016 inaruhusu tani 24 kwa kundi la ekseli tatu, yaani kama tani 8 kila moja. Ekseli ya tani 12 haisumbuliwi na mzigo huo, labda springi za upande huo ziwe zimekatika.

Sasa tutafute joto linaanzia wapi. Ruaha Mbuyuni si mahali pa kupimia, maana ukitoka Kitonga kila dramu ni ya moto. Safari ya kupanda, kipande cha Igawa hadi Chimala ni tambarare, breki haina kazi kubwa. Dereva asimame Chimala, asogeze kiganja karibu na dramu bila kuigusa, kisha karibu na kofia ya habu, halafu alinganishe na upande wa kulia wa ekseli hiyohiyo. Kofia ikiwa moto kuliko dramu, mtuhumiwa ni beringi: imekazwa kupita kiasi au imekosa grisi. Dramu ikiwa moto zaidi, breki inabana, na beringi inapikwa kwa kosa lisilo lake.

Kisha pigeni jeki, muweke vizuizi kwenye matairi mengine, upepo ujae na breki ya maegesho iachiwe. Tairi lizungushwe kwa mkono. Likiwa zito, mtu akanyage breki na kuachia huku mwingine, akiwa pembeni na si chini ya tela, anatazama fimbo ya busta (chungu cha upepo kinachosukuma breki). Inarudi yote, tena haraka? Isiporudi, angalieni bushi za kamu (shafti inayotanua shuu za breki), springi ya kurudisha shuu, na slaki (mkono unaounganisha fimbo na kamu). Kama slaki zenu ni za kujirekebisha zenyewe, utingo aache kuzikaza kwa spana kila kituo. Tabia hiyo imeua habu nyingi mno.

kushuka_kitonga
Dada, mimi ni dereva, niongeze moja. Muulize kijana wako anashukaje pale. Wapo wanaoning'inia na breki ya mkono ya tela peke yake ili breki za kichwa zisiishe. Tela inabeba kazi yote, grisi inayeyuka na sili inakauka. Gia ndogo kabla ya kuanza kushuka, breki ya moshi (inayobana moshi wa injini ili gari lipunguze mwendo), halafu breki ya mguu kwa kukanyaga na kuachia.

mwenye_tela
Asanteni sana. Tumepima Chimala: dramu ya kushoto ni moto kuliko kofia, ya kulia iko kawaida. Kwenye jeki tairi lilikuwa zito. Bushi za kamu zimelika, shafti inacheza, fimbo inarudi nusu. Ila tulipofungua habu, pete ya ndani ya beringi kubwa imeacha michubuko kwenye stabu. Hapo nifanyeje?

fundi_wa_chini
Mwizi mmemkamata. Badilisheni bushi za kamu, na shafti yenyewe kama imelika, pamoja na springi za shuu. Lainingi iliyolowa grisi msiioshe kwa petroli. Itupwe, na upande wa kulia uwekewe mpya pia, la sivyo tela itavuta upande mmoja. Busta ya springi (ile ya breki ya maegesho) asiifungue mtu. Springi ile ikifyatuka inaua.

Kuhusu stabu, tumieni maikromita, si macho. Kama beringi zenu ni namba 33118 ndani na 33213 nje, beringi ya ndani inakaa kwenye milimita 90 na ya nje kwenye 65. Michubuko midogo inasafishwa kwa msasa laini. Beringi mpya iingie kwa mkono bila kuchezacheza. Ikicheza, hapo ndipo naungana na fundi wako wa kwanza: ekseli ibadilishwe. Kuchomelea nakataa kabisa. Joto linaharibu chuma mahali penye mzigo mkubwa kuliko pote, na stabu ikikatika tairi linaenda kumkuta mtu wa bodaboda. Kupiga stabu vidoti kwa sentapanchi ili beringi ibane nako ni kujidanganya.

Wakati wa kufunga, pete za nje zibadilishwe pamoja na beringi. Grisi ya zamani ioshwe yote, maana aina mbili zikichanganyika zinaweza kulainika na kumwagika. Grisi isukumwe mpaka katikati ya rola. Nati ikazwe huku habu inazungushwa, kisha irudishwe kidogo hadi tundu la pini lililo karibu, na pini iwe mpya. Mwenye geji ya saa apime mchezo: kati ya milimita 0.025 na 0.13 inatosha. Mkimaliza, dereva asimame baada ya kilomita chache na kupima joto pande zote mbili.

Mkishapima stabu, tuwekee vipimo hapa kabla hujaenda dukani.