Sheffield au Westport? Naomba ushauri kuhusu matembezi ya vijana wetu Massachusetts

MkaziWaLowell ameuliza:

Salamu kwenu nyote. Naishi Lowell, na wazazi wa kikundi chetu cha Kiswahili wameniomba niwapeleke vijana kumi na wanane matembezi ya siku moja, wakaone mahali ambapo watu weusi na wenyeji wa asili wa Massachusetts walidai uhuru wao katika miaka ile ya mwanzo. Viwanda vya pamba vya hapa wameshavizunguka hadi wamechoka, na wanajua kwamba merikani waliyojifunga mababu zetu, kwa sehemu kubwa, ilifumwa katika jimbo hili kwa pamba iliyolimwa na watumwa wa kusini. Nimebaki na mahali pawili: Sheffield, kwenye nyumba alimotumikishwa Elizabeth Freeman, na Westport, alikozikwa Paul Cuffe, nahodha na mwenye meli. Moja iko mwisho wa magharibi wa jimbo, nyingine iko pwani ya kusini mashariki, kwa hiyo siku moja haitoshi kwa zote mbili. Mngechagua wapi, na mngefanya nini ili vijana wasirudi na jina la shujaa mmoja tu?

Wakili_Mstaafu amejibu:

Mimi ningekwenda Sheffield. Mwaka 1773 wanaume wa mji ule walikutana nyumbani kwa John Ashley wakaandika maazimio ya kuilalamikia Uingereza, wakisema kwamba binadamu kwa asili yao ni sawa na huru. Katika nyumba hiyo hiyo alitumikishwa mwanamke aliyeitwa Bett, ambaye baadaye alijiita Elizabeth Freeman, na ambaye Ashley alimhesabu kuwa mali yake. Katiba ya jimbo ya mwaka 1780 iliposema tena kwamba watu wote huzaliwa huru na sawa, Bett alimwendea wakili Theodore Sedgwick, na kesi yake pamoja na mwenzake Brom ikasikilizwa Great Barrington mwezi Agosti 1781. Walishinda, na Ashley akaamriwa kuwalipa shilingi 30 na gharama za kesi. Husimuliwa pia kwamba bibi wa nyumba alipoinua beleshi la jikoni lenye moto ampige msichana mwingine, Bett alilikinga kwa mkono wake, na kovu lile hakulificha tena. Vijana watakumbuka mkono huo kuliko tarehe yoyote.

BintiPwani amejibu:

Mzee wangu amesema vyema, lakini swali lilitaja watu weusi pamoja na wenyeji wa asili, na katika kesi ya Sheffield hao wa pili hawaonekani. Westport wamo ndani ya familia moja. Baba yake Paul Cuffe alikuwa Mwakan wa Afrika Magharibi, aliyetekwa akiwa mtoto na kuuzwa ng'ambo, na Cuffe si jina lingine ila Kofi, yaani mwanamume aliyezaliwa Ijumaa. Mama yake, Ruth Moses, alikuwa Mwampanoag, yaani wa kabila la wenyeji wa asili wa huku.

Nenda na nakala za maandishi mawili ya mwaka 1780. Mwezi Februari watu saba wa Dartmouth, mji ambao Westport ilikuwa sehemu yake wakati huo, wakiwemo Paul na kaka yake, waliliandikia Bunge la jimbo kwamba wanatozwa kodi na hali hawana kura, wakati watu wa rangi yao wako vitani wakipigania jambo lile lile dhidi ya Mwingereza. Humo walijitaja kuwa watu weusi na machotara. Mwezi Desemba, mtoza kodi alipowaandama hadi wakatiwa ndani Taunton, Paul na kaka yake John waliiandikia mahakama kwamba wao ni wenyeji wa asili, ambao sheria haiwatozi kodi. Wape vijana karatasi zote mbili, kisha uwaulize kama ndugu hawa walisema uongo. Nilipolifanya zoezi hili na kundi langu walinyamaza kwa muda, halafu msichana mmoja, ambaye baba yake ni Mluo na mama yake Mpare, akasema kwamba yeye hufanya hivyo kila Jumapili, kutegemea amefika kwa shangazi yupi.

Jihadhari tu na masimulizi yanayodai kwamba ombi lile ndilo lililowapa watu weusi kura, kwa sababu Bunge halikulikubali. Kaburi la Cuffe liko kando ya nyumba ya ibada ya Waquaker, na wenzetu waliokulia Kaimosi na Vihiga watashangaa kidogo kuona kwamba ndio hao hao wa Kanisa la Marafiki.

Mfasiri_wa_Zamani amejibu:

Nami naongeza jambo la lugha. Tusiwaite Wawampanoag "Wahindi Wekundu", kwani wana jina lao na wapo hadi leo. Mwaka 1833 watu wa Mashpee, makazi ya Wawampanoag, walitangaza kwamba hakuna mzungu atakayekata wala kuchukua kuni katika msitu wao bila idhini. Mhubiri William Apess aliyewaunga mkono, naye Mpequot, kabila jingine la wenyeji wa asili, alifungwa siku 30 baada ya kuni ambazo wazungu walikuwa wamepakia magarini kupakuliwa, na mwaka uliofuata jimbo liliwarudishia sehemu ya madaraka ya kujiongoza.

La pili, msiseme kwamba Bett "aliachwa huru". Pwani, aliyeachwa huru ni yule ambaye bwana wake amemwandikia hati, na hapo mwenye kushukuriwa ni bwana. Uamuzi wa Great Barrington ulikuwa kwamba Brom na Bett si watumishi halali wa Ashley, na hawakuwa hivyo hata siku shauri lilipofunguliwa. Ashley hakuwa na kitu cha kuacha.

MkaziWaLowell amejibu:

Nimewasoma wote, na nashukuru. Tutakwenda Westport, na zile karatasi mbili nitazichapisha kwa herufi kubwa ili zisomwe pale pale kaburini. Habari ya Bett nitawasimulia ndani ya basi, na neno "aliachwa" nimeshalifuta kwenye maandishi yangu.