Nimeona injini ya Cessna 172 imefunguliwa. Mafundi wa ndege naomba mnieleweshe

FundiKipawa aliandika:

Wakuu, habari za Jumapili. Mimi ni fundi gari, mwaka wa 14 sasa, gereji iko Kipawa. Ndege zinatupita kichwani kutwa nzima. Ukiwa umelala chini ya gari huna haja ya kuchungulia, sauti tu inakwambia hii kubwa, hii ya panga (propela). Lakini injini yenyewe sikuwahi kuiona mpaka Alhamisi.

Mteja wangu mmoja ni rubani. Kanipigia, gari yake Toyota IST imegoma kuwaka pale uwanja wa ndege, Terminal One. Nimefika, betri imekufa, kazi ya dakika kumi. Kwa furaha akanitafutia kibali cha mgeni, akaniingiza hanga nione Cessna 172, kindege cha watu wanne, kimevuliwa boneti.

Jamani, nilicheka. Silinda nne zimelala mbili mbili kama Subaru, mapezi ya kupooza nje kama ya pikipiki. Rejeta hakuna. Sensa sioni. Kontrolo boksi (kompyuta ya injini) hakuna. Nikauliza cc, naambiwa karibu 5900. Nguvu? Farasi 180. Nikamuuliza mara mbili. IST yake ya 1.5 inatoa 109! Forester ya turbo iliyopo gereji kwangu sasa hivi, lita 2 tu, inapita 200.

Kisha nikanyoosha mkono nilisogeze panga kidogo nione mzunguko. Fundi wa pale alinipigia kelele, hanga zima likageuka. Nikamwambia mzee, swichi imezimwa, na ufunguo huo unauona mezani. Akasema ndivyo wanavyosema wote kabla ya kukatwa mkono. Hakufafanua, akaendelea na kazi yake.

Maswali yangu: kwa nini injini kubwa hivyo ina nguvu kidogo? Kwa nini kila silinda ina plagi mbili? Na ufunguo ukiwa mezani, kuna hatari gani?

BintiWaTandika:

Kwa hiyo hilo ndilo tunalopanda kwenda Zanzibar? Narudi kwenye boti mimi.

MzeeWaHanga:

Binti, tulia. Nyingi unazopanda kwenda Zanzibar ni Cessna Caravan, ile ina tabaini na inakunywa mafuta ya ndege kubwa. Ni habari nyingine kabisa.

Sasa wewe fundi. Aliyekupigia kelele siyo mimi, ila ningekuwepo ningekupigia zaidi. Nianze na hilo la mkono, kwa sababu ukilielewa, mengine yatakuja yenyewe.

Moto wa plagi kwenye hiyo Cessna hautoki kwenye betri. Unatoka kwenye magneto, sumaku inayozungushwa na injini yenyewe. Ziko mbili, kila moja na plagi zake nne, ndiyo maana umekuta plagi nane. Swichi haipeleki umeme kwenye magneto. Kazi yake ni kuinyamazisha, kwa kuipeleka athi kupitia waya mmoja. Huo waya ukikatika je? Magneto inabaki hai, ufunguo uwe mezani au mfukoni mwa rubani. Na kuna kifaa cha springi kinachoipiga teke hiyo sumaku ili itoe moto hata panga likienda polepole. Kukiwa na mafuta kidogo yaliyobaki ndani ya silinda, mkono wako tu unatosha kuiwasha.

Umeona walivyofikiri? Gari yako ikikatika waya, inazima, unaisukuma pembeni ya Mandela Road. Hii ikikatika waya, inakataa kuzima. Angani hicho ndicho unachokitaka. Altaneta ife, betri ife, injini inaendelea. Hata ya kuzima, rubani haitumii swichi: anavuta kitasa chekundu kinachokata mafuta, silinda zinabaki kavu.

Plagi mbili zina faida nyingine pia. Pistoni ya hiyo injini ina upana wa karibu sentimita 13. Ya IST ni 7.5. Moto wa upande mmoja tu unachelewa kufika upande wa pili. Kabla ya kuruka, rubani anaweka mizunguko 1800 kwa dakika, anazima magneto moja moja. Mizunguko inashuka kidogo, na kwa 172 ya kisasa isishuke zaidi ya 150. Isiposhuka kabisa pia ni balaa, maana yake huenda ile unayodhani umeizima haijazimika!

Nguvu sasa. IST inatoa hizo 109 ikiwa mizunguko 6000. Lini umeiona 6000 kwenye foleni ya Tazara? Ukiwa barabara kuu unatumia robo ya nguvu, au chini ya hapo. Cessna inapanda ikiwa imefunguliwa yote, halafu inakaa asilimia 75 kwa saa tatu, nne. Farasi 180 inazitoa kwa mizunguko 2700 tu, na panga limefungwa moja kwa moja kwenye krankishafti (shafti kuu ya injini), hakuna gia. Lina kipenyo cha kama sentimita 193, kwa hiyo kila mzunguko ncha inatembea mita 6. Kwa 2700 ncha inakwenda mita 270 kwa sekunde. Lizungushe 6000 kama IST, inafika 600, wakati kasi ya sauti ni 340 hivi. Hapo panga linapiga makelele na halivuti. Ukitaka nguvu kwa mizunguko midogo, ongeza cc. Hiyo ndiyo 5900 yako.

Mtengenezaji wa injini anapendekeza ifunguliwe yote kila saa 2000. Kwa gari ya kilomita 80 kwa saa hizo ni kilomita 160,000, ila ukiwa umekanyaga karibu muda wote.

Rejeta: maji, mipira, pampu, gasketi. Wewe mwenyewe unajua magari mangapi yanaletwa kwako yamechemsha.

Kijana_Subaru:

Shikamoo mzee. Hoja nzuri, ila hayo ni mawazo ya miaka ya 1950. Funga Subaru, weka gia ya kupunguza mizunguko, mchezo umekwisha.

MzeeWaHanga:

Marahaba kijana. Wapo wanaojitengenezea ndege nyumbani huko Marekani wanafunga Subaru kabisa. Rotax 912, injini ya ndege ndogo, nayo ni lita 1.2 tu, inakimbia 5800 na ina gia, inafanya kazi vizuri. Porsche walichukua injini ya 911, kampuni ya ndege ya Mooney wakaifunga kwenye ndege yao miaka ya 1980, biashara haikudumu.

Iliyofika mbali ni ya Thielert, Wajerumani, wakatumia dizeli ya Mercedes. Kontrolo boksi, gia, maji, kila kitu cha gari. Mwaka 2007 pale Speyer, Ujerumani, ndege aina ya DA42 yenye injini mbili za hivyo ilikuwa na betri iliyokufa. Wakaiwasha kwa umeme wa nje, ikaruka. Rubani alipokunja magurudumu, mota ikavuta umeme mwingi, kontrolo boksi zikapoteza nguvu, injini zikazima zote mbili kwa pamoja. Baada ya hapo ziliongezewa betri ya akiba.

Siyo kwamba za gari ni mbaya. Ila mlete mmoja amwambie abiria kwamba injini ni nzima, tatizo ni betri.

FundiKipawa:

Mzee, na mimi siku hiyo nilikwenda kufufua IST yenye betri iliyokufa! Nimekaa nimecheka peke yangu. Asante sana.

La mwisho: hiyo Cessna betri ikifa ikiwa chini, mnaiwashaje?

MzeeWaHanga:

Tunaleta betri nyingine kama wewe ulivyofanya. Zamani watu walikuwa wanalizungusha panga kwa mkono, na najua sasa unafikiria nini. Mkono ubaki mfukoni.