Mama wa unga akifika mbele ya hakimu, apelekwe wapi?

Mkalimani wa Korti: Nimefanya ukalimani kortini hapa Mombasa miaka kumi na minne, na siku nisiyoipenda ni Jumatatu. Aliyekamatwa Ijumaa jioni analetwa Jumatatu asubuhi, na kwa mtu wa unga, yaani heroini, hizo ni siku mbili na nusu za arosto, mateso ya kuukosa, ndani ya seli. Wiki iliyopita aliletwa binti wa miaka ishirini na kitu, leso moja kiunoni na nyingine mabegani, anapiga miayo mfululizo, kamasi zinamtiririka, vinyweleo vimemsimama ilhali joto letu mnalijua. Kosa ni wizi wa simu. Rinda limemlowa kifuani. Nilidhani jasho, kumbe maziwa. Ana mtoto wa miezi mitano, kabaki kwa bibi yake Majengo. Hakimu akamuuliza kama ana la kusema. Akanigeukia mimi: "Kaka, nataka choo."

Hakimu alimtazama afisa wa probesheni, yaani uangalizi wa nje ya jela, naye afisa akazitazama karatasi zake.

Watu husema sheria ya dawa za kulevya ya 1994 inaruhusu mraibu apelekwe kutibiwa. Isomeni vizuri. Inasema sehemu ya kifungo itumikiwe kwenye kituo cha tiba, yaani umfunge kwanza ndipo umtibu. Tena inamhusu aliyetiwa hatiani chini ya sheria hiyo hiyo, aliyekutwa na kete, vipakiti vya unga, za kutumia mwenyewe. Aliyeiba simu apate pesa ya kete hayumo. Huyo unamtafutia njia kwenye sheria ya probesheni, ambayo inampa miezi sita hadi miaka mitatu chini ya uangalizi, na korti inaweza kumpangia pa kukaa. Sasa akae wapi? Nilipiga simu vituo vitatu siku ile. Kimoja cha wanaume tu. Cha pili kina vyumba viwili vya wanawake, vimejaa. Cha tatu wakasema aje, ila mtoto hapana.

Gerezani mtoto wa mfungwa anapokewa mpaka atimize miaka minne.

Rai yangu ni kwamba mwanamke kama huyu apelekwe kwa amri ya korti kwenye kituo cha kulala badala ya jela, mtoto akubaliwe, kaunti ilipe. Pingeni.

Mama Mitumba, Kongowea: Napinga mimi. Nimeibiwa mara tatu mwaka huu, mara mbili na mwanamke. Wa mwisho alizoa marinda sita ya watoto mezani huku ananiuliza bei ya la saba. Binti yangu kakosa karo ya chuo cha ufundi yuko nyumbani ananisaidia kupanga nguo, na hakuna kaunti iliyompigia simu. Huyu ameiba, alazwe, alishwe, na mwanawe atunzwe? Na samahani kaka Mkalimani, maziwa yale yamekulainisha. Angekuwa mwanamume usingeandika neno.

Nesi wa Zamu: Mama Mitumba ana haki ya hasira zake. Mimi namkosoa Mkalimani kwa jingine, kwamba anadhani kitanda ndiyo tiba. Kuna nyumba zinazomwachisha mtu kavukavu, wiki nzima ya kutapika na kuhara, ndoo na dua. Mjamzito akifanyiwa hivyo mimba inaweza kutoka. Dawa yake ni methadoni, inayozuia arosto, anaimeza kila siku mbele ya muuguzi. Kenya tulianza hospitali ya Mathari, Nairobi, Desemba 2014, Malindi ikafuata 2015. Watanzania walitutangulia, Muhimbili walianza 2011.

Na jambo ambalo mahakimu hawaambiwi: mtu akikaa miezi mitatu bila unga, mwili unasahau. Akitoka akarudia kipimo chake cha zamani, anaacha kupumua. Nimewafunika shuka wawili waliokuwa wametoka tu vituoni, mmoja bado ana mfuko wake wa nguo. Ukimweka ndani kwa amri halafu ukamtoa bila methadoni na bila pa kwenda, umemchimbia kaburi.

Wakili Mchovu: Machi 2012 mashirika 12 ya Umoja wa Mataifa yalitoa tamko la pamoja, yakitaka vituo vya kuwazuilia waraibu kwa lazima vifungwe. Sisemi binti wa Majengo angekutana na kambi za namna hiyo. Nasema mlango ukiwa na kufuli kwa nje, kuubandika jina la tiba hakuugeuzi. Halafu sheria ya probesheni inataka mshtakiwa atamke mwenyewe kwamba yuko radhi. Mtu ana arosto, askari nyuma yake, jela mbele yake. Radhi gani hiyo?

Miaka Sita Bila: Radhi hiyo hiyo, wakili. Mimi niliitoa. Nilisema ndiyo kwa sababu nilisikia kituoni kuna godoro, basi. Kuacha sikutaka. Mwezi wa kwanza nilimchukia hakimu. Mwezi wa pili nikamchukia mume wangu, maana ndipo kichwa kilipotulia nikaanza kuhesabu nyuma: kete ya kwanza alinipa yeye, arubaini haijaisha, ati ya maumivu ya mgongo. Wanaume wanabwia maskani na wenzao, kila mtu anawaona. Sisi tunabwia chumbani, na anayetuletea ndiye tunayelala naye. Kwa hiyo, dada Nesi, kliniki peke yake isingenifaa. Saa mbili asubuhi nimeze methadoni, saa nne niwe chumba kimoja na yule bwana? Nilihitaji kutolewa mle, na mwenyewe nisingetoka.

Lakini mwanangu nilimwacha ana mwaka na nusu. Niliporudi aliniita shangazi. Ilichukua karibu mwaka aache.

Mama Mitumba, nimewahi kuiba Kongowea. Pengine ni kwako. Kituoni nilifua, nilideki, nilipika sufuria ya watu thelathini kwa kuni mbichi. Sikusema kwamba tumelipana.

Mbajuni wa Minneapolis: Huku Marekani korti maalumu za dawa za kulevya zipo tangu 1989, ya kwanza ilikuwa Miami. Jirani yangu alipitia moja. Alikuwa anarudi mara kwa mara kwa hakimu yule yule, mpaka hakimu akajua jina la mtoto wake. Mkojo ulipimwa, siku ulipokutwa na kitu alilala ndani siku mbili, akarudishwa kwenye programu. Ila msidanganyike. Ukifukuzwa unakipata kile kile kifungo ulichokikimbia, na kuna mahali miezi uliyokaa kituoni haihesabiwi hata siku moja.

Wakili Mchovu: Ndivyo ninavyosema. Kifungo mara mbili.

Mkalimani wa Korti: Mama Mitumba, la wanaume umenishika. Wapo kila Jumatatu na sijawahi kupiga simu kwa ajili ya mmoja wao. Nesi, nabadilisha: hakimu aamuru tiba, lakini ikae muda gani na kwa dawa gani iamuliwe kliniki, na kituo kisichotaka methadoni kisipelekewe mtu na korti. Wakili, sina jibu la radhi. Ninalojua ni kwamba kwa sasa binti hachagui baina ya kituo na uhuru. Hakimu ameagiza ripoti ya probesheni, siku kumi na nne, na bibi hakuweza kuweka dhamana. Yuko rumande. Juzi wamempelekea mtoto humo, ananyonya. Kwa hiyo mahali palipopatikana pa mama na mwana kulala pamoja ni pale pale tulipokuwa tunapakwepa.

La mtoto sirudi nyuma.

Mama Mitumba, Kongowea: Miaka Sita, marinda yalikuwa ya mwaka huu, si wewe. Lakini nimesoma tangu juu mpaka hapa, mmezungumza hakimu, nesi, Miami, hadi mkojo wa Marekani. Hiyo simu ilikuwa ya nani?

Mkalimani wa Korti: Ya msichana anayehudumu mkahawani, jirani na stendi ya matatu. Ilipatikana siku ile ile. Mpaka leo iko kortini, kielelezo nambari moja. Anakuja kuiulizia jioni akitoka kazini, na wakati huo ofisi imeshafungwa.