RE: Bescheid au Bescheinigung? Naomba msaada, kibali kinaisha

MwanaTanga (Hamburg): Wakubwa shikamooni. Jana nimerudishwa ofisi ya wageni. Barua ilitaka Steuerbescheid, karatasi ya kodi, nikapeleka Lohnsteuerbescheinigung niliyopewa na mwajiri. Masikioni mwangu lilikuwa neno moja. Kibali cha kuishi kinaisha tarehe 30. Je, wanaweza kunipa Fiktion, kile cheti cha muda cha kushikilia kibali, huku nasubiri Bescheid ya Finanzamt, ofisi ya kodi?

Mama Wawili: Pole mdogo wangu. Mwaka wa kwanza nilikuwa nawaambia watu nafanya kazi Kirche, wakadhani nahudumu kanisani, kumbe nasugua masufuria Küche. Ile ü hatuna, sikio linaipeleka kwenye i. Lakini usilichukie sikio lako. Schule sikuhangaika nayo hata siku moja, shule tulikuja nayo. Mpaka leo neno jipya halinikai nisipolitafutia ndugu wa sauti.

Mzee wa Bremen: Hata neno pesa tulipewa na Wajerumani.

Bi Mkubwa: Hapana, tusipotoshane. Pesa imetoka Uhindi. Ya Wajerumani ni hela, ile Heller waliyoileta 1904, mia kwa rupia moja. Nirudi kwa kijana. Sisi neno kuu tunalitanguliza: *cheti* cha kodi ya mshahara. Mjerumani analiweka mwisho kabisa: Lohnsteuer*bescheinigung*. Wewe umesikia Steuer, ukasikia Besch, ukaacha kusikiliza. Bescheid ni uamuzi wa ofisi. Bescheinigung inathibitisha tu kwamba jambo lipo. Yaandike mawili pamoja, uyasome kwa sauti, uyakazie mkia.

Mzee wa Bremen: Sawa dada, nimekosea. Ila mimi nawaza uraia wa hapa: cheti cha Kijerumani cha B1 ninacho, maswali 33 ya mtihani wa uraia nimeyapita, na tangu Juni 2024 Ujerumani hawadai tena uache uraia wako. Wakenya wamejiruhusu uraia wa nchi mbili tangu katiba ya 2010. Sisi Watanzania bado. Mama yangu kazikwa Muheza, niombe viza kwenda kuzuru kaburi lake?

Mama Wawili: Umenitoa machozi. Binti yangu hataki kumwita kaka yake kaka, maana kwa watoto wa huku Kaka ni kinyesi. Namwambia nyumbani lina heshima, anaziba masikio. Neno hilo sitaki lipotee kwangu.

Bi Mkubwa: Usimlazimishe. Wewe mwite kaka yake hivyo kila siku, atazoea.

MwanaTanga: Asanteni sana, nimeandika yote. Ila Fiktion bila Bescheid, yupo aliyepewa? Tarehe 30 ni Jumanne.