Ruta mbili, intaneti moja, nyumba nzima imekata. Nimekosea wapi?

Wa_Stesheneri: Wakuu, heshima kwenu. Sebuleni nina intaneti ya faiba, kasi yake Mbps 20. Uani nimefungua kistesheneri chenye kompyuta mbili za mtumba, zile za mezani, hazina Wi-Fi. Kuta za tofali zimekaba mawimbi, hata simu huko inashika kijiti kimoja. Nikashuka Kariakoo nikanunua ruta ya pili, nikavuta waya toka sebuleni nikaichomeka. Dakika kumi raha tupu. Halafu kila kitu kikagoma: taa za kijani zinawaka, ukurasa haufunguki. Nikichomoa waya, sebuleni inarudi. Mama watoto kaniambia nisiguse tena mpaka tamthilia yake iishe.

Fundi_Nyaya: Mkuu, upande wa uani umechomeka tundu gani, lile lililojitenga au mojawapo ya yale manne? Na anwani za ruta zikoje?

Wa_Stesheneri: Mojawapo ya yale manne. Anwani zote mbili 192.168.1.1, ndiyo nimeona sasa hivi.

Fundi_Nyaya: Umeshaupata ugonjwa. Una wenyeviti wawili kwenye mtaa mmoja, wote wanagawa viwanja. Kugawa anwani ni kazi ya DHCP, mwachie ruta ya sebuleni peke yake. Chomoa huo waya kwanza. Unganisha kompyuta na ruta ya uani, badili anwani yake iwe 192.168.1.2, ingia upya kwa anwani hiyo, zima DHCP. Ndipo urudishe waya kwenye tundu lilelile. Lile lililojitenga liache tupu. Ya sebuleni nayo iambie ianze kugawa kuanzia 192.168.1.10, isije ikampa mtu hiyo ya .2.

Bibi_Kompyuta: Mimi ningenunua swichi ya mtandao, kile kiboksi cha kugawa waya, ya matundu matano tu, haina cha kupangilia. Ila haitoi Wi-Fi, simu hazitapata kitu uani.

Mzee_wa_Masika: Waya umepita wapi? Wangu niliupitisha juu ya bati. Radi moja tu, swichi na kadi ya mtandao ya kompyuta vikaenda. Mita 100 ndiyo mwisho wa waya huo, lakini hata mita 15 za nje zichimbie kwenye bomba.

Wa_Stesheneri: Umepita juu ya bati, mzee. Jumamosi naushusha.

Wa_Stesheneri: Mrejesho wakuu, imekubali! Uani napata Mbps 18. Ila saa tatu usiku ikashuka hadi 2, mteja amesimama anasubiri fomu yake ya mkopo ifunguke. Nikazunguka kama askari, kumbe kompyuta moja inashusha masasisho ya Windows kimyakimya.

Bibi_Kompyuta: Kaka, kwenye mipangilio ya mtandao ya hiyo kompyuta weka kwamba muunganisho una kikomo, masasisho mengi yatasubiri. Halafu wateja usiwape neno la siri la nyumbani. Wakishalijua, hizo Mbps 18 utazisikia kwa jirani.

Wa_Stesheneri: Dada, umechelewa. Nimeshalibandika ukutani.