Dawa moja ya kuzuia kutu na kuua bakteria visimani?

Mtoto wa Chiromo: Wadau, habari zenu. Nasoma kemia. Nimepata vipande vya chuma kwa fundi wa soko la Gikomba, Nairobi, nikavitia kwenye asidi ya hidrokloriki ya mola 1. Kisicho na dawa kinatoa povu kama soda iliyotikiswa. Chenye imidazolini, dawa ya kuzuia kutu, kimetulia tuli. Je, dawa hiyohiyo itaua bakteria wa visima vya mafuta, au niongeze nyingine?

Mama Mabomba: Inategemea molekuli, mwanangu. Imidazolini hushika chuma kwa nitrojeni yake, na mkia mrefu wa kaboni hufukuza maji. Ukiigeuza iwe chumvi ya amoniamu, ambayo nitrojeni yake ina chaji chanya, mkia huohuo hupenya utando wa bakteria na kuuvuruga. Hapo umepata kazi zote mbili, kuzuia kutu na kuua bakteria. Shida ni kwamba bakteria wanaosumbua visimani, akina Desulfovibrio, hawaishi kwenye hiyo asidi yako. Hujificha chini ya ute wao pasipo oksijeni, wakila salfeti na kutoa haidrojeni salfaidi, ile harufu ya yai viza, na chuma hutoboka vishimovishimo. Dozi inayowamaliza wakielea majini mara nyingi haiwatoshi wakiwa ndani ya ute. Jaribu kwenye maji ya chumvi yasiyo na hewa.

Fundi Mizani: Na hicho chuma cha Gikomba, pole! Hujui kina kaboni kiasi gani. Tafuta bamba lenye cheti Industrial Area, ulisugue kwa msasa, uoshe na asetoni, ndipo upime.

Mtoto wa Chiromo: Asanteni. Wanauza vipande vidogo, au lazima bamba zima?