Masta zinazovuka fakalte hapa Lubumbashi: zisimame kwanza, au ziendelee hivi hivi?

Mkaaji wa Kasapa

Ndugu zangu wa Lubumbashi, na ninyi wa Likasi na Kolwezi mnaokuja kusoma huku, naleta hoja tunayoizungumza sana nje ya auditoriyo (ukumbi wa masomo) lakini ofisini hakuna anayeitamka.

Tangu mfumo wa LMD (licence, masta, doktora) uanze kutumika nchi nzima mwaka wa masomo 2021-2022, kila msimu wa kujiandikisha yanatoka matangazo ya masta, shahada ya pili, zinazochanganya fakalte (vitivo) mbili tatu: mazingira na afya, migodi na jamii, kilimo na uchumi. Kwenye karatasi zinapendeza. Mfadhili anazipenda, wakubwa wa chuo wanazipenda. Mimi nasema zisimame, zisiandikishe mtu mpya, mpaka mambo mawili yaandikwe na kutiwa sahihi: nani atakaa kwenye jiri (kamati inayosikiliza utetezi), na diploma hiyo itamfungulia mtu mlango wa fakalte gani akitaka kufundisha.

Kwa nini nakazia hapo? Kwa sababu kazi ya chuo kwetu inapita ndani ya idara. Unaanza asistanti, unakuwa shefu wa kazi, ukipata doktora unapanda kuwa profesa mshiriki, na kuendelea. Kila ngazi idara ndiyo inayokupendekeza, nayo inapendekeza mtu wake. Aliyeandika nusu jiolojia nusu sosholojia, wanajiolojia watamwambia nenda kwa wenzako wa maneno, na wa maneno watamwambia rudi kwenye mawe yako.

Nimeona kwa macho. Mwenzangu katika chuo kimoja, sikitaji, alifanya memwari (kazi ya kumalizia masomo) juu ya wachimbaji wa mikono na maji ya visima. Msomaji wa kwanza, mtu wa kemia, akamwambia aondoe sura ya mahojiano, eti ni hadithi. Msomaji wa pili, mtu wa sosholojia, akamwambia majedwali yote ya vipimo yaende nyuma kwenye viambatisho. Akawatii wote wawili. Kilichobaki mbele hakikuwa cha huyu wala cha yule, na siku ya utetezi wote wawili wakamuuliza kwa nini kazi ni nyembamba. Akaahirishwa hadi sesyo ya pili ya mitihani. Kuchapa upya, kujalidi upya, na baba yake alikuwa ameshauza baiskeli.

Nani amlipe huyo?

Fundi wa Udongo

Mukubwa, pole kwa mwenzako, lakini dawa yako itaua mgonjwa.

Mimi ni mtu wa agronomia. Nitakupa jambo dogo tu, la majani ya mboga. Mnajua bomba kubwa la moshi la kiwanda cha zamani cha shaba: mji huu umeyeyusha shaba tangu 1911, na upepo umesukuma vumbi upande wa kaskazini-magharibi miaka yote hiyo. Penga Penga iko kwenye njia ya vumbi hilo. Watu wanalima, na mamá zetu wanauza lengalenga. Sasa unataka kujua mlaji anakula shaba na kobalti kiasi gani. Unakata majani, unayapeleka maabara. Swali la kwanza kabisa: unayaosha, au huyaoshi?

Mimi nilifundishwa kuosha kwa maji yaliyotoneshwa, kwa sababu nataka kujua mmea wenyewe umenyonya nini kwenye udongo. Daktari wa afya ya jamii katika timu yetu akakataa katakata: yeye anataka jani kama linavyoingia sufuriani. Tulibishana asubuhi nzima. Aliyetuokoa ni mwanafunzi wa antropolojia, ambaye wote tulidhani amekuja kutusindikiza. Alikuwa ameshinda sokoni akitazama. Akatuambia: mboga inaoshwa mara mbili. Muuzaji anainyunyizia maji ya ndoo ili ionekane mbichi, na maji hayo hayo anayatumia kutwa nzima mpaka yanakuwa ya kahawia. Kisha nyumbani mpishi anaisuuza haraka, au haisuuzi ikiwa maji ya kununua yamepanda bei. Kumbe kulikuwa na vipimo vinne vya kuchukua, si kimoja: shambani, sokoni, baada ya kusuuzwa, na maji ya ile ndoo. Hakuna kitabu changu cha udongo chenye hiyo ndoo.

Na hili si jambo la timu yetu tu. Watafiti wa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, na wenzao wa Leuven, Ubelgiji, walichapisha mwaka 2009 vipimo vya mkojo vya watu wanaoishi karibu na migodi na viwanda vya Katanga, na kobalti ilikuwa juu kupita kiasi. Mwaka 2018 wakatoa kazi ya Kasulo, ule mtaa wa Kolwezi ambako watu walichimba hadi chini ya nyumba zao. Ile ya pili iliunganisha damu na mkojo, vumbi la ndani ya nyumba, na maisha ya mtaa wenyewe, na alama za madhara zikaonekana zaidi kwa watoto. Daktari peke yake asingeandika ile. Ukifunga hizi masta, nani atalelewa kufanya kazi ya namna hiyo?

Mwana Katuba

Miye naona munazunguka bure. Tatizo haiko jiri, njo makuta, pesa. Mutu anakuwa asistanti miaka na miaka bila matrikule, ile namba ya mufanyakazi wa serikali, bila mushahara, halafu unamuambia asome fakalte mbili? Hata moja iko inamushinda kulipa. Muanzie pale.

Profesa Mstaafu

Wanangu, nawasoma kwa makini. Ruhusuni mzee aseme.

Kutengana huku kwa fakalte si sheria ya maarifa. Chuo chetu kilipoanzishwa mwaka 1955, mji ukiitwa Elisabethville, daktari na mtu wa barua (lugha na fasihi) walikuwa majirani. Mwaka 1971 serikali ikaunganisha vyuo vitatu kuwa UNAZA, chuo kikuu kimoja cha taifa la Zaire, na kugawa fakalte kwa ramani: utabibu Kinshasa, saikolojia na ualimu Kisangani, kilimo Yangambi, barua na sayansi za jamii zikaletwa kwetu. Mwanasosholojia aliyetaka kuzungumza na daktari ilimbidi apande ndege. UNAZA ilivunjwa 1981, lakini kizazi kizima kilikuwa kimeshazoea kuishi bila jirani, na kizazi hicho ndicho kilichotufundisha, kisha sisi tukawafundisha ninyi.

Hata hivyo simfuati Fundi moja kwa moja. Yeye ni mtu wa udongo kwanza. Alipoingia kwenye ule ubishi wa kuosha alikuwa na msimamo wa kutetea. Yule wa antropolojia pia alijua kushinda sokoni akitazama, nayo ni kazi inayofundishwa. Mudimbe, mtoto wa Likasi aliyefundisha hapa Lubumbashi miaka ya sabini, alitembea kati ya filolojia, falsafa na historia ya fikra za Afrika mpaka dunia ikamfuata. Lakini alianza na filolojia, akaisoma mpaka mwisho. Masta ya miaka miwili inayompa kijana theluthi ya kemia, theluthi ya sheria na theluthi ya takwimu inamwacha bila cha kubishia. Wekeni masta ndani ya fakalte moja, kuvuka kuje kwenye doktora.

Fundi wa Udongo

Papa Prof, kwa heshima zote: akifika doktora akiwa na miaka thelathini na tano, ameoa, ana watoto watatu na masaa ya kufundisha ISP (chuo cha ualimu), hatavuka tena. Ataandika kilicho karibu.

Dada wa Bel-Air

Wanaume mmezungumza, sasa nisikilizwe na mimi, maana huyo "mwanafunzi wa antropolojia aliyekuja kutusindikiza" ni mtu kama mimi.

Fundi, umesimulia vizuri, lakini sema na mwisho wake. Makala ilipotoka, jina lake lilikuwa la ngapi? Au lilikuwa kwenye shukrani? Mimi niko katika doktora ya kugawanya, miezi kadhaa Ubelgiji, miezi kadhaa hapa. Katika timu kama zetu kuna mgawanyo ambao hakuna aliyeuandika. Wenye mashine ndio wenye sayansi, na wenye Kiswahili ndio wenye miguu. Mimi ndiye ninayegonga milango, ninayekaa kwenye kigoda na mamá wa bustani, ninayeulizwa "mukibeba damu ya batoto betu, majibu yatarudia wapi?" Kisha sampuli zinapanda ndege, na miezi inapita. Ninaporudi mtaani bila majibu ni mimi wanayeniita mwongo. Profesa wa maabara hawamjui.

Na promota (wasimamizi wa doktora) wawili maana yake mabwana wawili. Wa kule anataka makala tatu fupi kwa Kiingereza. Wa huku anataka kitabu kinene cha Kifaransa chenye sura ya kwanza ya maana ya maneno. Nimeandika kazi moja mara mbili, na hakuna aliyeiona kuwa ni mara mbili.

Sitaki zifungwe. Zikifungwa, mimi narudi kuwa mkalimani wa madaktari bila hata kadi ya mwanafunzi. Ninachotaka ni kwamba siku ya kwanza, kabla ya mtu kwenda mtaani, waandike nani ataandika nini, jina la nani litakaa wapi, na nani atarudisha majibu kwa watu.

Mkaaji wa Kasapa

Dada, hicho ulichotaja ndicho nilichokiomba mwanzoni, wewe umeongeza mtaa, ambao mimi niliuacha. Hoja ya ndoo ya Fundi ni nzito, siipingi. Lakini angalieni jinsi ilivyopatikana: kwa bahati. Kijana wa antropolojia alisikilizwa kwa sababu ninyi wawili mlikuwa mmechoka kubishana. Siku nyingine angesindikiza tu na kurudi nyumbani.

Kwa Papa Prof: kijana wa kwenu akivuka kwenye doktora, jiri itakuwa ya nani? Tunarudi pale pale.

Basi napunguza dai langu. Zilizopo ziendelee na walio ndani. Mpya zisifunguliwe bila orodha ya jiri mchanganyiko na barua ya idara moja inayosema, huyu akimaliza tunamtambua kama mtu wetu.

Fundi wa Udongo

Barua ya idara? Mkuu wa idara akibadilika, barua inabadilika naye. Unajua hilo kuliko mimi.

Na Dada, jina lake lilikuwa la tano kati ya sita. Nitalizungumza kwenye timu kabla ya makala inayofuata.

Mwana Katuba

La tano! Na ndoo ilikuwa yake.

Mgeni wa Kipushi

Samahani wakubwa, mimi nasoma tu pembeni. Nimekubaliwa kwenye masta moja ya namna hii, mwisho wa kulipa sehemu ya kwanza ya minervali, ada ya masomo, ni Ijumaa. Nilipe au nisilipe?

Fundi wa Udongo

Lipa.

Dada wa Bel-Air

Kabla ya Ijumaa nenda sekretariati, uombe kuona memwari ya mtu aliyemaliza humo. Usisome kitu, fungua ukurasa wa jiri. Wakiwa wote wa fakalte moja, ujue utasimama mbele ya nani, na uchague mada yako kwa kuangalia hilo.

Mgeni wa Kipushi

Nimetoka huko. Wameniambia bado hakuna aliyemaliza.

Mkaaji wa Kasapa

Mnaona?

Fundi wa Udongo

Tulia, Mkaaji. Programu ina mwaka wa ngapi?

Mgeni wa Kipushi

Inaingia wa tatu.

Fundi wa Udongo

Basi wa kwanza wanapaswa kutetea mwaka huu. Watafute wawili watatu, waulize kama wana promota mpaka sasa, na wa fakalte gani. Ukiwakosa kampasi, tafuta namba zao kwa wenzao wa auditoriyo. Halafu urudi hapa utuambie, Ijumaa bado iko mbali.